Mali ya Abdulla, mali ya nani? Sanaa ya Zanzibar katika zama za leseni huria

Mwaka 2016 kidege kisicho na rubani, chepesi kuliko pakiti ya kilo moja ya sukari, kilianza kukata anga la Unguja kikienda na kurudi kama mtu anayelima matuta. Kila kilipopita kilipiga picha. Kazi hiyo ilikuwa ya Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kwa msaada wa Benki ya Dunia, na miongoni mwa waliofundishwa kurusha videge hivyo walikuwamo wanafunzi wa chuo hicho. Mangapwani, kijiji cha pwani ya magharibi mbele ya Bububu, nayo ilipigwa: mapaa, minazi, njia za miguu, ufuo. Picha zikawekwa wazi kwenye mtandao wa OpenAerialMap chini ya leseni ya Creative Commons. Mtu wa Osaka au Oslo anaweza kuzipakua usiku huu, akazikuza, akachora ramani juu yake, akaziuza hata kwenye kalenda, bila kumpigia simu mtu yeyote Zanzibar. Anachodaiwa ni kutaja zilikotoka, kuonesha leseni yake na kusema kama amezibadilisha.

Chini ya anga hilohilo Mangapwani ina mali nyingine ambayo hakuna aliyeiandikia leseni. Kuna pango la asili la mawe ya matumbawe lenye maji baridi ndani. Karibu na bahari kuna chumba kilichochimbwa ardhini, kinachohusishwa na mfanyabiashara Mohammed bin Nassor na kufichwa kwa watumwa baada ya mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 uliofunga soko la Unguja. Wageni hushuka ngazi, hunyamaza, husikiliza. Kisa cha mtoto aliyemfuata mbuzi wake mpaka akalifikia pango kimesimuliwa na watembezaji miaka nenda miaka rudi, kila mmoja akiwa na vituo vyake na mahali pake pa kushusha sauti. Simu zinarekodi. Jioni kisa kiko mtandaoni kwa jina la mgeni, na mwenye hakimiliki ya video ni aliyeshika simu.

Picha ya angani ina mwenyewe anayejulikana, ndiyo maana iliweza kutolewa. Simulizi ya pangoni haina jina lililoandikwa popote, ndiyo maana inachukuliwa. Mjadala mwingi kuhusu sanaa huria hupita mbali na tofauti hiyo, ukauliza tu kama kugawana ni kuzuri au kubaya. Kwa Zanzibar swali hilo limechelewa, kwa sababu kugawana kulikuwapo zamani sana.

Kwanza leseni yenyewe, maana neno hili lina kisirani chake. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania ziliwataka wenye blogu na vituo vya mtandaoni kuwa na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kwa ada ambazo jumla yake mwanzoni ilipindukia shilingi milioni mbili. Kanuni zilibadilishwa baadaye, lakini kovu limebaki: msanii wa Ng'ambo, Unguja, akisikia mtu anataja leseni, kwanza anaushika mfuko wake. Leseni huria haina ada wala ofisi ya kupigia foleni. Shirika la Creative Commons lilianzishwa Marekani mwaka 2001, mwanasheria Lawrence Lessig akiwa mmoja wa waasisi, na leseni zake za kwanza zilitoka Desemba 2002. Msingi wake ni sheria ileile ya hakimiliki. Kazi ikishaundwa tu, haki ni za mtunzi hata kama hakusajili chochote. Leseni ni kauli yake aliyoiandika mapema, ili kila anayeitaka kazi asilazimike kumtafuta: chukua, kwa masharti haya. Masharti ni manne; la kwanza limo katika kila leseni, na mengine mtunzi huyachagua. Utaje jina langu. Usifanyie biashara. Usibadilishe. Au ukibadilisha, nawe utoe chako kwa ruhusa ileile niliyokupa mimi. Yakipangwa zinapatikana leseni sita, kutoka ile ya mkono wazi kabisa hadi ile ya mkono uliofumbata.

Kuna sharti la tano ambalo watu hulisoma wakiwa wameshachelewa: leseni hizi hazirudishwi. Mpiga picha anaweza kuacha kuitoa kazi yake kesho, ila aliyeichukua leo, akifuata masharti, ana ruhusa yake mpaka hakimiliki iishe. Maji yameshamwagika.

Watu wa pwani walikuwa na leseni zao kabla ya hizi, zisizoandikwa na wakili. Tazama ukingo wa kanga. Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa aliyejulikana kwa jina la Abdulla, aliuza kanga zenye alama ya K.H.E. na maneno Mali ya Abdulla, na ndiye anayetajwa kuwa alianza kutia maandishi ya Kiswahili kwenye kanga. Hayo maandishi, jina la kanga kama waitavyo wenyewe, ni ya kuazimana. Yanatoka kwenye methali, kwenye mafumbo ya jirani, kwenye nyimbo za taarab, kisha taarab nayo inayachukua tena kutoka kwenye kanga. Hakuna aliyewahi kuombwa ruhusa kwa kuvaa fumbo. Lakini nembo ya Abdulla ilibaki pale ukingoni, na mnunuzi aliitafuta kwa macho kabla hajatoa pesa.

Ushairi nao ulikuwa hivyo. Mtunzi wa utenzi aliweka jina lake beti za mwisho, pengine na mji wake na mwaka wa Hijra, akijua kwamba kazi itanakiliwa kwa mkono na watu asiowaona kamwe. Mnakili alikuwa huru kunakili. Kuzikata beti zile kulikuwa aibu. Na shairi likitoka, mshairi mwingine alikuwa huru kulijibu kwa bahari ileile na hata kwa kibwagizo kilekile, naye akajibiwa. Sheria za leo zingeyaita majibu hayo kazi tohozi na zingeuliza ruhusa iko wapi. Pwani iliyaita malumbano, na asiyejibiwa ndiye aliyeona haya. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yametufikia kwa sababu watu waliyabeba vichwani na wengine wakayaandika, nao walipoyabeba walilibeba na jina lake.

Santuri zilipokuja, jina na mali vikaachana. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab mzaliwa wa Fumba, alisafiri na wenzake hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya santuri ya HMV. Sauti ya mwanamke aliyekuwa akiuza vyungu ikaingia kwenye migahawa ya pwani nzima, na jina lake likakua kuliko la kampuni. Mali ya rekodi ilikuwa ya kampuni.

Mtu akitaka leo kuiweka santuri moja ya Siti mtandaoni aone kitakachompata. Uingereza, miaka 50 ya rekodi ya 1928 iliisha mwaka 1978. Marekani, kwa sheria ya mwaka 2018 kuhusu rekodi za zamani, santuri iliyotolewa 1928 ina ulinzi mpaka mwisho wa 2028. Hapo imezungumzwa sauti tu. Maneno ya wimbo yana hesabu yao, inayofuata maisha ya mtunzi. Siti alifariki 1950. Kwa kipimo cha miaka 50 baada ya kifo, ambacho ni cha sheria ya Tanzania Bara ya 1999, haki ziliisha mwaka 2000. Kwa miaka 70 ya Uingereza, mwaka 2020. Ila hesabu hiyo inasimama kama mtunzi ni Siti peke yake. Kundi lake lilikuwa na watunzi wengine, akiwamo Maalim Shaaban, na wimbo wa watu wawili huhesabiwa tangu afariki wa mwisho. Kwa hiyo ili kujua kama wimbo uko huru, sharti ujue kwanza nani aliutunga. Tunarudi kwenye beti za mwisho za utenzi.

Familia, kwa upande wake, haikungoja wanasheria. Mwaka 2020 Siti Muharam, kitukuu wa Siti, alitoa albamu iitwayo Siti of Unguja kupitia kampuni ya On the Corner ya Uingereza, nyimbo za bibi zikiwa zimetiwa vyombo na mipangilio mipya. Mwimbaji Bi Kidude alikuwa ameshafanya jambo kama hilo maisha yake yote: alizichukua nyimbo za Siti akaziimba kwa koo lake, na hakuna Mzanzibari aliyemwita mwizi, kwa kuwa kila aliyesikiliza alijua zilikotoka.

Kila aliyesikiliza alijua. Intaneti imeuvunja uhakika huo, na haikuuvunja kwa ubaya wa mtu. Picha inayorushwa kwa WhatsApp hupunguzwa ukubwa, taarifa zilizojificha ndani yake, kama kamera, tarehe na jina la mpigaji, huvuliwa, na faili hupewa jina jipya la herufi na tarakimu lenye WA ndani yake. Ikipita simu ya tatu imekuwa yatima. Hakuna haja ya mwizi.

Zinazoumia zaidi ni picha za zamani za Unguja. Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na baadaye kuendeshwa na mwanawe Rohit katika Barabara ya Kenyatta, ilikusanya sura za mji huu kwa miongo mingi: harusi, watawala, vichochoro, bandari. Kabla yake kadi za posta za wapiga picha Gomes na Coutinho zilisambaza Zanzibar duniani. Leo picha za aina hiyo huzunguka makundi ya simu zikiwa zimekatwa kingo, zimetiwa rangi na programu, na mara nyingi zimebandikwa mwaka wa kubahatisha. Mtafiti anayetaka maelezo safi hulazimika kwenda mbali: Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kina mkusanyo wa Winterton wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960, zilizowekwa mtandaoni. Kumbukumbu ya mtaa wa Malindi, Unguja, iko Illinois, na angalau huko imeandikwa.

Hapa leseni huria ina kazi inayoonekana. Wikimedia Commons, ghala la picha linalolisha Wikipedia, halipokei faili mpaka itajwe nani alipiga, lini, na kwa ruhusa gani. Ni usumbufu, na vijana wengi huishia njiani. Lakini usumbufu huo ndio unaofanya picha ya Ngome Kongwe iliyopakiwa na mtu wa Mikunguni ibaki na jina lake hata ikichapwa kwenye kitabu cha Kijerumani. Shindano la Wiki Loves Africa, lililoanza mwaka 2014 kwa mada ya vyakula, lilibuniwa kwa sababu hiyohiyo: bara lilikuwa linaonekana mtandaoni kwa macho ya wapita njia. Vitabu vya watoto vya African Storybook, navyo tangu 2014, vinaruhusu mwalimu wa skuli ya kijiji kutafsiri hadithi kwa Kiswahili na kuichapa bila kumlipa mtu, jina la mtunzi na la mchoraji likibaki jaladani.

Ukitoka hapo ukaingia vichochoro vya Gizenga na Hurumzi unakuta uhuru wa namna nyingine, usio na karatasi kabisa. Twiga, chui na samaki wa Tingatinga wamepangwa ukutani kwa mamia. Edward Saidi Tingatinga alianza Dar es Salaam mwaka 1968, akachora kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli juu ya mbao za masonite, akafundisha jamaa zake, akafariki 1972 kwa risasi ya polisi waliomfananisha. Mtindo wake ukawa wa kila mtu. Kisheria hakuna kosa: hakimiliki hulinda mchoro, hailindi namna ya kuchora. Kwa miaka 50 ya sheria ya Bara, hata michoro ya mkono wake mwenyewe imekuwa huru tangu Januari 2023.

Tingatinga ni mfano unaopendwa na watetezi wa kugawana, na kwa haki: bila kunakiliana mtindo ungekufa na mtu mmoja. Ila mfano huo una upande wa pili ambao wachoraji wa Mji Mkongwe wanaujua vizuri kuliko mwanazuoni yeyote. Pale ambapo kila kibanda kina chui yuleyule, mteja anashindanisha bei tu. Anayebuni chui mpya humuona kwenye kibanda cha jirani baada ya wiki. Wengine wameacha kuweka michoro yao mipya mtandaoni kwa sababu hiyo, na ni vigumu kuwalaumu.

Sheria ipo. Ukweli ni kwamba zipo mbili: Bara ina Sheria namba 7 ya 1999 na chombo chake COSOTA, Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki namba 14 ya 2003 na COSOZA yake. Mwanamuziki anayerekodi Kikwajuni na nyimbo zake kupigwa Kariakoo ya Dar es Salaam anaishi chini ya zote mbili. Vyombo hivi vilipewa kazi ya kukusanya mirabaha kutoka redio, hoteli na kumbi, na kwa kawaida ya vyombo vya namna hii duniani, mwanachama hukabidhi haki zake zisimamiwe kwa jumla. Hapo leseni huria hugonga mwamba: huwezi kuutoa wimbo bure kwa mkono wa kulia ilhali wa kushoto umeshampa mwingine aukusanyie malipo. Uholanzi ililiona hilo mwaka 2007, chama cha Buma/Stemra kikaanza majaribio ya kuwaachia wanachama watoe nyimbo kwa leseni zisizo za biashara huku chama kikiendelea kudai pesa za matumizi ya biashara. SACEM ya Ufaransa ikafuata 2012. Jambo kama hilo lingewafaa sana wapiga taarab wachanga wanaotoka Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, DCMA, ambao wanataka kusikika kwanza na kulipwa hoteli zikipiga nyimbo zao.

Kulipwa kwenyewe ni kisa kingine. Mapokeo ya sanaa huria yametoka nchi ambazo msanii akiandika "nisaidie ukipenda" shabiki hubonyeza mara moja na pesa zikafika. Kwa miaka mingi PayPal imemruhusu Mtanzania kulipa, si kupokea. Pesa za simu, kama M-Pesa, zinapita kirahisi kati ya Darajani na Chake Chake, lakini shabiki wa Lisbon hana namba ya simu ya Tanzania. Kwa hiyo msanii wa Unguja anayegawa kazi yake bure hutegemea irudi kwa njia ya mzunguko: mwaliko wa Sauti za Busara mwezi wa Februari, harusi, kazi ya hotelini, mgeni aliyesikia wimbo kabla hajapanda ndege. Wakati mwingine inarudi. Asiambiwe tu kwamba ni hakika.

Na yako mambo ambayo hayapaswi kugawanwa hata kidogo, au ambayo hakuna mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuyagawa. Unyago ni mfano wa karibu. Bi Kidude alikuwa kungwi, na ngoma za unyago alizozipiga kwa mikono yake zimeingia kwenye mfululizo wa diski za Zanzibara wa kampuni ya Ufaransa Buda Musique. Yeye alitaka zisikike, na dunia ilimtunza: tuzo ya WOMEX mwaka 2005, filamu mwaka uliofuata, mazishi ya taifa zima aliposhikwa na mauti Bububu tarehe 17 Aprili 2013. Lakini kuna wanawake waliochezwa kwa ngoma hizo ambao mpaka leo wanaona kuna maneno ya ndani yasiyofaa kusikiwa na mwanamume aliyekaa kwenye daladala na waya masikioni. Leseni huria haina sanduku la kuweka alama kwa hilo. Inamuuliza mtunzi ni nani, nayo ngoma ya mila inajibu: sisi. Sheria ya Bara ya 1999 ilijaribu kuziba pengo kwa kulipa Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, madaraka ya kuidhinisha matumizi ya kibiashara ya sanaa za jadi, yaani badala ya makungwi akawekwa ofisa. Mradi wa Local Contexts, ulioanza mwaka 2010 ukiwa na jamii za wenyeji huko Marekani na kwingineko, umebuni lebo ambazo jamii yenyewe inazibandika kwenye rekodi zake: hii ni ya wanawake, hii ni ya msimu fulani. Lebo hazina nguvu ya mahakama. Zina nguvu ya adabu, na adabu ndiyo iliyolilinda jina la mwenye utenzi karne zote zile.

Sasa hata sauti tupu imekuwa bidhaa. Mwaka 2021 Mozilla ilitangaza mradi wa Common Voice wa Kiswahili, uliofadhiliwa kwa dola milioni 3.4, ambapo watu husoma sentensi kwenye simu ili mashine zijifunze lugha. Sauti hizo hutolewa kwa tamko la CC0, ambalo kwalo mtoaji huachia kila haki, pamoja na ile ya kutajwa. Kwa data ya kufundishia mashine hilo lina mantiki yake. Nani ataorodhesha majina ya maelfu ya wasomaji? Hata hivyo Kiunguja ndicho kilichofanywa msingi wa Kiswahili sanifu, na ni mara ya kwanza kwa watu wa hapa kuombwa wakitoe bila ukingo wa kanga, bila beti ya mwisho.

Mangapwani, wakati huohuo, inabadilika. Serikali ya Zanzibar imeichagua iwe mahali pa bandari jumuishi mpya, na ufuo uliopigwa na kidege mwaka 2016 hautabaki ulivyo. Picha zile zitakuwa ushahidi: kila mvuvi, mwandishi au mwanafunzi ataweza kuzishusha na kupima minazi ilikuwa wapi, mashua zilipandishwa wapi, njia ya kwenda pangoni ilipita wapi, na hatamwomba mtu ruhusa. Sauti ya mtembezaji anayesimulia mbuzi na mtoto haimo humo. Simu ya kuirekodi inapatikana kijijini, bando la kuipandisha si ghali sana, na fomu ya Wikimedia Commons ina nafasi ya kuandika jina la msimulizi, tarehe na neno la ruhusa yake, kama mwenyewe ataona inafaa kutoka.